Mtoto Hurithi kwa Baba na kwa Mama



Mtoto wako wa sekondari amerudi nyumbani na kazi ya somo la Baiolojia. Ameambiwa achore chembe hai. Ameambiwa pia aeleze jinsi watoto wanavyorithi maumbile ya wazazi wao. Kitabu chake kimeandikwa kwa Kiingereza. Wewe umejifunza kusoma Kiswahili, Kiingereza hukijui. Basi unasema, "Mambo ya shule hayo, mimi siyawezi." Unachukua jembe, unakwenda zako shamba.

Ngoja kwanza, ndugu. Kazi hiyo unaiweza. Mifano yake iko shambani kwako, iko jikoni kwako, iko hata katika ukoo wako. Tena kazi hiyo si ya kupata alama za mtihani tu. Ndani yake mna jibu la swali ambalo limevunja nyumba za watu. Swali lenyewe ni hili: mtoto akizaliwa na ugonjwa wa damu uitwao selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli, je, ugonjwa huo ameutoa kwa nani?

Hebu tujifunze polepole, hatua kwa hatua.

CHEMBE HAI NI NINI?

Nyumba ya tofali imejengwa kwa tofali nyingi. Ukiiangalia kutoka mbali unaona ukuta. Ukisogea karibu unaona tofali moja moja. Mwili wa kiumbe chochote umejengwa vivyo hivyo. Mwili wako, mwili wa mbuzi na mwili wa mgomba, yote imejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo zina uhai, ndiyo maana tunaziita chembe hai. Vitabu vya siku hizi huziita seli.

Chukua kitunguu ukikate. Kati ya tabaka na tabaka kuna ngozi nyembamba kama karatasi laini. Ibandue. Kwa macho matupu huoni kitu. Lakini shuleni wakiiweka chini ya hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, wataona vyumba vyumba vimepangwa kama tofali. Kila chumba ni seli moja. Mwingereza mmoja aitwaye Robert Hooke aliviandika vyumba vya namna hiyo mwaka 1665, baada ya kuangalia kipande cha gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa.

Damu yako nayo ina seli. Tone dogo la damu, kama kichwa cha pini, lina seli nyekundu kama milioni 5. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Seli nyekundu ya kawaida ni ya mviringo, imebonyea katikati, nayo ni laini. Kwa kuwa ni laini, hupita hata katika mishipa iliyo myembamba sana.

MWILI UNA MAAGIZO YALIYOANDIKWA

Fundi hajengi bila kujua nyumba itakuwaje. Mwili nao una maagizo yake. Seli nyingi zina kitu katikati kiitwacho kiini. Ndani ya kiini mna nyuzi nyembamba sana ziitwazo kromosomu. Binadamu ana nyuzi 46. Nyuzi 23 amezipata kwa mama yake, na 23 amezipata kwa baba yake. Nusu kwa nusu, hakuna aliyetoa zaidi.

Katika nyuzi hizo ndimo yalimo maagizo ya kujenga mwili. Agizo moja moja huitwa jeni. Liko agizo la rangi ya ngozi, liko la nywele, liko la damu. Kwa kila agizo una nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mambo mengine, kama urefu wa mtu, huamuliwa na maagizo mengi pamoja, na chakula anachokula pia.

Sasa wewe uliyehitimu kisomo utaelewa jambo hili upesi. Chukua kalamu, andika neno BABA. Halafu badili herufi moja tu, ile ya tatu, uweke T. Unasoma nini? BATA. Herufi moja imebadilika, maana yote imebadilika. Ndivyo ilivyo kwa selimundu. Katika agizo la kutengeneza damu, mahali pamoja tu, herufi moja imebadilika.

TUANGALIE HINDI

Kabla ya kurudi kwenye damu, twende shambani. Wewe umepanda mahindi meupe. Jirani amepanda mahindi ya njano, yale ambayo wazee wetu waliyaita ya Yanga. Siku ya kuvuna unamenya hindi lako, unakuta punje chache za njano kati ya punje nyeupe. Je, jirani amekuloga? Hapana.

Hindi lina baba na mama. Mbelewele zilizo juu ya mhindi hutoa unga mwepesi. Huo ni upande wa baba. Ndevu za hindi ni upande wa mama. Kila unywele wa ndevu ni njia ya kwenda kwenye punje moja. Upepo ukichukua unga wa mahindi ya jirani na kuudondosha kwenye ndevu za hindi lako, punje hiyo ina mama mweupe na baba wa njano. Nayo itakuwa ya njano, kwa sababu agizo la njano lina nguvu ya kulifunika agizo la weupe.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Agizo la weupe halikufa, limejificha tu. Mwaka ujao ukizipanda zile punje za njano peke yake, mbali na mahindi mengine, utavuna za njano nyingi, na nyeupe zitatokea tena. Katika kila punje 4, kama 1 itakuwa nyeupe. Mahali ambapo maagizo mawili ya weupe yamekutana, moja la baba na moja la mama, ndipo weupe unapoonekana.

Basi kumbuka neno hili: kitu chaweza kujificha kwa wazazi, kikaonekana kwa mtoto.

SELIMUNDU NI UGONJWA GANI?

Wote tunaujua mundu. Ni kisu kilichopinda cha kukatia majani na kuvunia mpunga. Mtu mwenye selimundu ana seli nyekundu ambazo hupinda kama mundu na kuwa ngumu. Ndipo jina lilipotoka. Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliandika habari za seli hizo mwaka 1910, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwako Afrika tangu kale.

Seli iliyopinda haipiti vizuri katika mishipa myembamba. Hunasa. Nyingine hunasa nyuma yake, kama magogo yanavyoziba mfereji wa maji. Sehemu ya mwili iliyo mbele ya pale palipoziba hukosa hewa, nayo huuma sana. Tena seli hizi hufa mapema. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 mpaka 20 tu. Mwili hauwahi kutengeneza nyingine za kutosha, kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu.

Dalili huanza kuonekana mtoto akiwa na umri wa miezi 6 hivi. Vidole na nyayo huvimba na kuuma. Macho huwa ya manjano. Mtoto hulia maumivu ya mifupa, ya kifua au ya tumbo. Homa humrudia mara kwa mara. Wengine hupatwa na kiharusi wangali wadogo. Zamani wengi walikufa kabla ya kufika miaka 5, na watu wakadhani ni malaria tu, au uchawi.

Katika nchi yetu inakadiriwa kwamba watoto 11,000 au zaidi huzaliwa na selimundu kila mwaka. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo duniani. Basi huu si ugonjwa wa nyumba moja yenye mkosi.

KAZI YA MAKOPO MAWILI

Hii ni kazi ambayo mwanafunzi aweza kuifanya nyumbani pamoja na wazazi wake. Haina gharama.

Tafuteni makopo mawili. Moja liitwe Baba, la pili liitwe Mama. Katika kila kopo tieni harage moja jeupe na harage moja jekundu. Harage jeupe ni agizo zuri la damu. Harage jekundu ni agizo la mundu.

Mtu mwenye jeupe na jekundu ni mzima. Analima, anabeba mzigo, anapanda mlima wa Kinole bila shida. Agizo zuri linamtosha. Hajui kabisa kwamba amebeba harage jekundu. Tunamwita mbebaji.

Sasa, bila kuchungulia, toeni harage moja katika kopo la Baba na moja katika kopo la Mama. Hayo mawili ndiyo mtoto. Andikeni rangi zake, kisha rudisheni kila harage katika kopo lake. Tikiseni, mtoe tena. Fanyeni hivyo mara 40.

Mtakuta kama mara 10 yametoka meupe mawili. Huyo mtoto hana ugonjwa, wala si mbebaji. Kama mara 20 limetoka jeupe na jekundu. Huyo ni mbebaji, mzima kama wazazi wake. Kama mara 10 yametoka mekundu mawili. Huyo ndiye mwenye selimundu. Hesabu yenu yaweza kupishana kidogo na hii, msishangae.

Mambo matatu yashikeni sana.

La kwanza: mekundu mawili hayawezi kutoka katika kopo moja. Kila kopo limetoa moja. Mtoto mwenye selimundu amepokea agizo la mundu kwa baba na kwa mama, kwa wote wawili.

La pili: makopo hayana kumbukumbu. Wako wazazi wasemao, "Tumeshapata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Sivyo. Kila mimba ni kutoa upya. Mama aweza kuzaa wazima wanne mfululizo, na mwingine aweza kuzaa wagonjwa wawili mfululizo.

La tatu: kama kopo moja lina meupe matupu, hakuna mtoto atakayepata mekundu mawili. Mbebaji akioana na asiye mbebaji, hawatazaa mtoto mwenye selimundu. Baadhi ya watoto watakuwa wabebaji tu.

KWA NINI UGONJWA HUU NI MWINGI KWETU?

Mtu atauliza, "Kama agizo hili ni baya, mbona halikwisha zamani?"

Jibu lake ni mbu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za watu huko mwaka 1949. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi, wabebaji walikuwa wengi. Katika nchi za juu zenye baridi na mbu wachache, walikuwa wachache. Aliendelea kupima watu katika Afrika Mashariki, na mwaka 1954 alitangaza alichogundua: mbebaji, yaani mwenye harage moja jekundu, hapati sana malaria ile kali inayoua.

Fikiri juu ya mababu zetu kabla ya vidonge na vyandarua. Malaria ikiingia kijijini, watoto wabebaji walipona zaidi kuliko wengine. Walikua, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Agizo likaendelea kupita kwa watoto na wajukuu. Kwa hiyo lilikuwa ngao kwa wengi, na mateso kwa wale waliopata mawili.

Lakini tahadhari! Ngao hii ni ya mbebaji, tena si kamili. Mtoto mwenye selimundu yenyewe hana ngao. Malaria humwua upesi kuliko watoto wengine. Wala msiseme, "Sisi tunakaa juu mlimani, hayatuhusu." Watu hushuka na kupanda. Binti wa Mgeta huolewa Ngerengere, kijana wa Kisaki huoa Matombo. Agizo la damu husafiri na mwenye damu.

UKOO NI WA MAMA, LAKINI DAMU NI YA WOTE

Hapa Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo hufuata upande huo, na mjomba ana sauti kubwa. Hiyo ni mila, na mila ina heshima yake. Lakini mila ya ukoo ni jambo moja, na maagizo ya mwili ni jambo lingine.

Tuseme kikao kimekaa. Mtoto anaumwa mifupa kila mara, na hospitali wamesema ni selimundu.

Shangazi wa mtoto anasema, "Mtoto ni wa ukoo wenu ninyi, na ugonjwa ni wenu. Kwetu sisi hakuna mtu mwenye ugonjwa huu. Kaka yangu arudishiwe mali yake, atafute mke mwingine."

Mjomba anajibu kwa hasira, "Dada yangu ni mzima tangu kuzaliwa. Ugonjwa ameuleta mumewe. Kama si yeye, kuna mkono wa mtu."

Kaka mkubwa wa mtoto, anayesoma sekondari, anapiga goti. "Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Naomba niseme neno."

"Marahaba, mpwa wangu. Sema."

"Shuleni tumefanya kazi ya maharage. Mekundu mawili hayatoki kopo moja. Baba ametoa moja, mama ametoa moja. Wote wawili ni wazima, hawakujua. Hakuna aliyemloga mdogo wangu. Tukimfukuza mama, ugonjwa hauondoki, ila mtoto atakosa wa kumtunza."

Mtoto huyo amesema kweli. Shangazi aliposema kwao hakuna ugonjwa, alisahau lile hindi. Kitu chaweza kujificha vizazi vingi, mpaka siku wabebaji wawili walipooana. Mwanamke asifukuzwe kwa kosa ambalo si kosa. Mwanamume naye asilaumiwe. Na fedha ya kumpelekea mganga wa ramli ni afadhali iwe nauli ya kwenda hospitali.

TUFANYE NINI?

1. Pimeni damu. Kipimo tu ndicho kinachoonyesha nani mgonjwa, nani mbebaji, nani si mbebaji. Ulizeni zahanati au kituo cha afya. Wasipokuwa na kipimo, watawaelekeza hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro. Vijana wanaotaka kuoana ni vizuri wapime mapema. Kupima si kuwakataza wasioane, bali waamue wakiwa wanajua.

2. Mtoto mwenye selimundu alale katika chandarua kila usiku, na apewe dawa za kuzuia malaria kama daktari atakavyoelekeza.

3. Apate chanjo zote. Watoto wadogo wenye ugonjwa huu hupewa pia dawa ya penisilini ya kuzuia vijidudu, mpaka miaka 5. Msiikatize.

4. Anywe maji mengi, hasa wakati wa joto na anapocheza. Damu yenye maji ya kutosha hupita vizuri.

5. Akingwe na baridi. Ninyi wa Mgeta mnajua baridi ya asubuhi ilivyo. Mvalisheni sweta na soksi, msimwogeshe maji ya baridi, kwa maana baridi huamsha maumivu.

6. Homa, kupumua kwa shida, weupe wa ghafula katika viganja na macho, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au mkono na mguu kulegea, yote hayo ni hatari. Msingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

7. Mwulizeni daktari juu ya dawa ya haidroksiyurea. Majaribio yaliyofanywa katika nchi nne za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kutangazwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba dawa hii hupunguza maumivu, hupunguza malaria na hupunguza vifo vya watoto wenye selimundu. Hunywewa kwa uangalizi wa daktari, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara.

Wataalamu wetu nao hawakulala. Muhimbili walianza mpango mkubwa wa kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu mwaka 2004, na Profesa Julie Makani ni mmoja wa walioupigania. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza uloto, yaani ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Matibabu hayo yaweza kuuondoa ugonjwa kabisa, lakini ni ya gharama kubwa, tena wanaofaa kuyapata ni wachache. Kwa wengi wetu, chandarua, maji, sweta, dawa na kuwahi hospitali ndiyo yanayomkuza mtoto. Akitunzwa hivyo, mtoto mwenye selimundu husoma, hufanya kazi, na huwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Tarehe 19 Juni kila mwaka ni Siku ya Selimundu Duniani. Itakuwa siku njema ya kukutana kijijini na kuifanya ile kazi ya makopo hadharani, wanafunzi wakiwa ndio walimu wetu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Baba ni mbebaji, mama si mbebaji. Je, wanaweza kuzaa mtoto mwenye selimundu? Tieni maharage katika makopo mwone.

2. Kwa nini punje za njano huonekana katika hindi jeupe? Baba wa punje hizo yuko wapi?

3. Mbebaji ana ngao ya malaria. Je, mtoto mwenye selimundu anayo? Kwa hiyo tufanye nini?

4. Mwenzenu anasema, "Mke wangu ndiye aliyeleta sikoseli nyumbani kwangu." Mtamjibuje, bila kumvunjia heshima?

Jibuni kwanza kwa midomo, kisha kila mmoja aandike majibu yake katika daftari. Mtoto wa sekondari akiwapo, mwiteni akae nanyi. Yeye atawasomea kitabu chake cha Kiingereza, nanyi mtamweleza kwa hindi na maharage. Hapo mtakuwa mnasaidiana kazi ya shule, na pengine mnaokoa maisha ya mdogo wake.